Padre Benito Viñes: Mjesuiti Aliyewaambia Watu Kimbunga Kinakuja



Desemba iliyopita nilikuwa likizo nyumbani, Narung'ombe. Desemba kwetu ni mwezi wa kumalizia korosho. Zile za mwisho zinaokotwa, zinaanikwa uani juu ya turubai, kisha zinapelekwa ghala la chama cha msingi. Asubuhi moja nilisoma kwenye simu taarifa ya hali ya hewa kwamba mikoa ya kusini, Lindi ikiwemo, itarajie mvua kubwa yenye radi mchana ule. Nikatoka nje kutazama. Jua lilikuwa kali na anga halina doa. Wazee wangu walikuwa wameshaanika, wanashika njia kwenda shambani. Nikaona aibu. Frateri anayesoma falsafa ataanzaje kuwaambia watu waliolima kabla yeye hajazaliwa kwamba mvua inakuja, eti kwa sababu simu imesema? Nikanyamaza.

Saa tisa alasiri wingu jeusi lilipanda nyuma ya mikorosho. Ngurumo zilipiga mara mbili tatu, na kabla hatujafika uani korosho zilikuwa zinaelea. Tulizianika upya, lakini korosho iliyolowa haifichiki. Ganda linabadilika rangi, na pale ghalani zikashushwa daraja. Hakuna aliyenilaumu, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba mimi nilijua. Hilo ndilo lililoniuma.

Niliporudi seminarini nilianza kusoma habari za padre mmoja aliyekufa zaidi ya miaka 130 iliyopita, ambaye kazi yake ilikuwa hiyo niliyoshindwa: kuona hali ya anga na kusema mapema. Anaitwa Benito Viñes. Wengi wetu tunawajua Wajesuiti kwa shule na mafungo ya kiroho. Leo tumtazame Mjesuiti aliyeokoa watu kwa barometa.

Kutoka Poboleda hadi Havana

Benito Viñes alizaliwa tarehe 19 Septemba 1837 katika kijiji cha Poboleda, Catalonia, kaskazini mashariki mwa Hispania. Ni kijiji cha milimani chenye wakulima wa mizabibu. Mwaka 1856, akiwa bado kijana mbichi, aliingia Shirika la Yesu. Huko alipitia malezi marefu tunayoyajua: unovisi, lugha, falsafa, teolojia. Kipaji chake kilionekana zaidi kwenye fizikia na hesabu.

Mwaka 1868 mapinduzi yalimwondoa Malkia Isabella wa Pili katika kiti chake, na serikali mpya ikawafukuza Wajesuiti. Viñes alivuka mpaka akaingia Ufaransa, na huko ndiko alikopewa daraja takatifu ya upadre. Alianza upadre wake akiwa mkimbizi. Mwaka 1870 wakubwa wake walimtuma mbali zaidi, ng'ambo ya Atlantiki, kwenye kisiwa cha Kuba. Alikuwa na miaka 32, na hakuhama tena makazi mpaka alipokufa.

Kuba ya wakati ule ilikuwa koloni la Hispania, nchi ya miwa na tumbaku. Mashamba ya miwa yalilimwa na watumwa, na utumwa haukufutwa huko mpaka 1886. Upande wa mashariki wa kisiwa kulikuwa na vita ya kudai uhuru iliyoanza 1868 na kudumu miaka kumi. Katika jiji la Havana Wajesuiti walikuwa na shule kubwa iliyoitwa Belén, yaani Bethlehemu, na waliosoma hapo wengi wao walikuwa watoto wa wenye uwezo. Hatuna sababu ya kuficha hilo tunapomsifu padre huyu. Lakini kimbunga kikija, mwenye nyumba ya mawe hufunga madirisha yake, na aliye katika kibanda cha mtumwa hupeperushwa pamoja na kibanda chake. Anayeonya mapema anamwonya kwanza mnyonge, hata kama mnyonge huyo hasomi gazeti, kwa sababu yeye ndiye asiye na pa kukimbilia dakika ya mwisho.

Shuleni Belén palikuwa na kituo cha kuchunguza hali ya hewa, ambacho Wajesuiti walikianzisha mwishoni mwa miaka ya 1850. Palikuwa na barometa za kupima mgandamizo wa hewa, vipimajoto, vyombo vya kupima upepo na mvua, na juu ya yote palikuwa na daftari. Havana ilikuwa bado inakumbuka vimbunga viwili vya Oktoba, kimoja cha 1844 na kingine cha 1846, vilivyozamisha meli bandarini na kuangusha nyumba. Viñes alikabidhiwa kituo hicho akiwa mkurugenzi wake.

Miaka ya kutazama

Mtu mwingine angefika na kuanza kutoa matangazo. Viñes alianza kwa kusoma madaftari ya waliomtangulia. Alipitia rekodi za miaka yote tangu kituo kianze, akatafuta siku ambazo kimbunga kilipita karibu, akaangalia barometa ilikuwaje siku moja kabla, siku mbili kabla, upepo ulitoka wapi, mawingu yalikuwa ya namna gani. Wakati huohuo aliendelea na vipimo vyake mwenyewe, mara nyingi kwa siku, kuanzia alfajiri mpaka usiku, mwaka hadi mwaka.

Tunaosoma falsafa tunazoea kudhani kwamba kufikiri ni kukaa na kitabu. Kwa Viñes, kufikiri kulikuwa kupanda ngazi za kituo kila siku, kutazama juu, na kuandika alichokiona bila kuongeza kitu. Alikaa miaka mitano kabla ya kutoa onyo lake la kwanza kwa umma. Alijua kwamba mtu anayetangaza hatari isiyokuja anawafundisha watu kutomsikiliza, na kwamba siku hatari ya kweli itakapokuja watamcheka.

Ili tuone uzito wa kazi hiyo, turudi kwetu kidogo. Tarehe 15 Aprili 1872, Viñes akiwa na miaka miwili tu Havana, kimbunga kikubwa kilipiga Zanzibar. Sultani Barghash bin Said, aliyekuwa ameshika utawala mwaka uleule wa 1870, alipoteza meli zake. Sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja iling'oka. Ng'ambo ya bahari, Bagamoyo, misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu iliyoanzishwa mwaka 1868, iliyokuwa ikiwatunza watoto waliokombolewa utumwani, ilibomolewa, na kazi ya kujenga ikaanza upya. Kanisa tunalolijua Tanzania Bara lilikaribia kupoteza chimbuko lake kwa siku moja ya upepo.

Je, hakuna aliyejua habari za vimbunga katika Bahari ya Hindi? Walikuwepo. Kisiwani Mauritius, Charles Meldrum alikuwa akikusanya daftari za safari za meli na kuchora njia za vimbunga. Lakini elimu ya Mauritius haikuwa na njia ya kufika Zanzibar kwa wakati. Waya wa telegrafu wa chini ya bahari haukufika Zanzibar mpaka 1879. Watu wa Bagamoyo waliona upepo ulipokuwa umeshafika mlangoni.

Havana ilikuwa na bahati tofauti. Tangu 1867 iliunganishwa kwa waya na Florida, na miaka michache baadaye visiwa vingi vya Karibi vikaunganishwa. Mtu aliyekaa Havana aliweza kupata habari ya upepo uliovuma kisiwa kingine siku ileile. Kilichokosekana ni mtu wa kuziweka habari hizo pamoja na kuelewa maana yake.

Tarehe 11 Septemba 1875

Septemba ya 1875 Viñes aliona dalili alizokuwa amezisoma kwa miaka mitano. Kimbunga kilikuwa baharini, hakijaonekana na mtu yeyote aliyekuwa Havana. Tarehe 11 aliandika onyo, na magazeti ya jiji yakalichapa. Aliwaeleza watu kwamba kimbunga kinakaribia na kitapita wapi.

Fikiria ujasiri uliohitajika. Ikiwa amekosea, meli zimebaki bandarini bure, wafanyabiashara wamepata hasara, na Mjesuiti, mtu wa shirika ambalo serikali ya nchi yake ilikuwa imelifukuza miaka saba tu kabla, amekuwa kichekesho cha jiji zima. Ikiwa amenyamaza na kimbunga kikaja, hakuna atakayemlaumu, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba yeye alijua. Msomaji ataelewa kwa nini nilipofika hapa niliweka kitabu chini kwanza.

Kimbunga kilikuja. Tarehe 12 na 13 kilipita Kuba, karibu na alivyosema. Kisha kikaingia Ghuba ya Meksiko na kuelekea magharibi. Tarehe 16 Septemba kilipiga mji wa bandari wa Indianola, Texas, bahari ikaingia mitaani na watu wengi wakafa. Indianola ilijengwa tena, ikapigwa na kimbunga kingine mwaka 1886, na watu wake wakauhama moja kwa moja. Kimbunga kilekile, basi, kilikuta mji mmoja umeshaambiwa, kikautendea vibaya sana mji mwingine.

Mwaka uliofuata, 1876, Viñes alitoa tena maonyo, na yakathibitika. Tangu hapo Havana ilimsikiliza. Kampuni za meli, za reli na za telegrafu zilimpa msaada wa kusafiri na kupeleka ujumbe bila malipo. Baadaye, wafanyabiashara wa Havana wakichangia, alipata mtandao wa vituo katika visiwa vya mashariki na kusini mwa Kuba, vinavyomletea habari mara hali inapobadilika. Mabaharia walimpa jina la utani, Padre Kimbunga. Nadhani ni cheo kizuri kuliko vingi tunavyovitamani.

Alivyosoma anga

Alichokigundua kinaweza kuelezwa bila hesabu ngumu. Kimbunga ni gurudumu kubwa la upepo linalozunguka sehemu ya katikati ambapo mgandamizo wa hewa ni mdogo sana. Kaskazini mwa ikweta, kama Kuba, gurudumu hilo huzunguka kinyume cha mshale wa saa. Kusini mwa ikweta, kama kwetu, huzunguka kufuata mshale wa saa. Kwa hiyo mtu wa Kuba akiupa upepo mgongo, kitovu cha kimbunga kiko upande wake wa kushoto. Mtu wa Lindi akifanya hivyohivyo, kiko upande wake wa kulia. Kanuni hii ilijulikana kabla ya Viñes, lakini inafanya kazi upepo ukishafika, na ukishafika umechelewa.

Viñes alitazama juu zaidi. Aliona kwamba hewa haiendi upande mmoja katika vimo vyote. Karibu na ardhi upepo huzunguka ukivutwa kuelekea ndani. Juu yake mawingu huzunguka kitovu. Juu kabisa hewa humwagika kuelekea nje pande zote, na hapo hubeba yale mawingu membamba meupe yanayofanana na manyoya ya ndege. Mawingu hayo hutangulia mbali sana mbele ya kimbunga, wakati chini bado kuna jua na utulivu. Viñes aligundua kwamba ukiyafuata kwa macho mpaka pale michirizi yake inapoonekana kukutana kwenye upeo wa macho, umeelekeza kidole kwenye kitovu cha kimbunga. Ukirudia kutazama saa kadhaa baadaye, ukaona mahali pa kukutania pamehama, umejua kinaelekea wapi.

Jambo la pili alilolipanga ni njia. Kimbunga cha Karibi hakiendi ovyo. Huanza kuelekea magharibi, kisha hupinda kuelekea kaskazini, na baadaye kaskazini mashariki. Viñes alionyesha kwamba mahali pa kupindia panabadilika kwa mwezi: cha Agosti hakifuati njia ya cha Oktoba. Sayansi ya leo imesahihisha baadhi ya aliyoyasema na kuongeza mengi, lakini msingi wa kutazama vimo mbalimbali vya anga kwa pamoja umebaki.

Hapa nirudi kidogo kwenye radi yetu ya Desemba, maana kimbunga na ngurumo ni ndugu. Kimbunga chenyewe kimejengwa na mawingu mengi ya radi yaliyokusanyika. Tofauti ni umri. Kimbunga huishi siku nyingi, kwa hiyo mtu anaweza kukifuata safari yake. Wingu la radi huzaliwa mchana, likapiga, likafa kabla ya jioni. Hata leo, pamoja na setilaiti na rada, wataalamu wanaochora ramani za dhoruba za radi za bara zima hawakuambii radi itapiga uwanja wa nani. Wanakuambia ni eneo gani ambalo hewa ya chini ina joto na unyevu, hewa ya juu ina baridi, na hali imeiva. Kwa hiyo mvua ikinyesha Nachingwea isinyeshe Ruangwa, haina maana kwamba tumedanganywa. Tuliambiwa hali imeiva kwetu sote, na aliyeanua korosho zake na mvua isije amepoteza nusu saa tu.

Kuhesabu miti iliyoanguka

Baada ya vimbunga vya 1875 na 1876 Viñes hakukaa Havana akipokea pongezi. Alisafiri kwenda Puerto Rico, kisiwa kilichokuwa kimepigwa Septemba 1876, na akatembelea pia sehemu zilizopigwa za Kuba. Alitazama miti iliangukia upande gani, akauliza watu upepo ulianza kutokea wapi na uligeuka saa ngapi, akachora. Mwaka 1877 alitoa kitabu juu ya vimbunga hivyo vya Septemba na Oktoba vya miaka miwili, kikasomwa na wataalamu na manahodha.

Napenda picha hii: padre aliyevaa kanzu, amesimama kwenye tope la mji uliovunjika, anamsikiliza mkulima. Mkulima hana barometa, lakini alikuwepo. Anakumbuka kwamba mlango wa mashariki ulifunguka kwanza, kisha kukatulia, kisha paa likaondokea upande wa pili. Viñes aliweza kuandika sheria za vimbunga kwa sababu aliheshimu ushahidi wa watu wasio na elimu ya vyombo. Nyumbani kuna wazee wanaojua mvua kwa upepo unaogeuka na kwa wadudu wanaotoka ardhini. Nilipokuwa mdogo niliwasikiliza, na nilipoanza falsafa nikaacha. Kwa hiyo Desemba nilikosea mara mbili: sikuwaambia nilichosoma, na sikuwauliza wanachokiona. Pengine tungepata jibu kamili tukiketi pamoja.

Kazi ya mwisho

Mwaka 1893 wataalamu wa hali ya hewa duniani waliandaa mkutano Chicago, Marekani, wakati wa maonyesho makubwa ya mwaka ule. Viñes aliombwa aandike juu ya vimbunga vya Karibi. Afya yake ilikuwa imedhoofika, lakini alikusanya katika andiko hilo yote aliyojifunza kwa miaka zaidi ya 20: jinsi upepo unavyozunguka katika kila kimo, na njia za vimbunga kwa kila mwezi. Alilimaliza, na siku chache tu baadaye, tarehe 23 Julai 1893, akafa Havana akiwa na miaka 55. Wengine walisoma alichokiandika mwezi uliofuata bila yeye kuwepo. Andiko lilichapwa kwa Kihispania mwaka 1895, na mwaka 1898 ofisi ya hali ya hewa ya Marekani ikalitoa kwa Kiingereza.

Shirika lake halikuishia Havana. Upande wa pili wa dunia, Manila, Mjesuiti mwenzake Federico Faura alitoa onyo lake la kwanza la tufani mwaka 1879. Wote wawili walikuwa mapadre waliosali kanuni ya sala, wakaadhimisha Misa, kisha wakapanda kusoma barometa, na hatuna dalili kwamba waliona mgongano wowote kati ya madhabahu na mnara.

Galveston, 1900

Hadithi ya Viñes haiwezi kuishia kwenye kaburi lake, kwa sababu miaka saba baadaye kilitokea kitu kinachoonyesha thamani ya alichokiacha.

Baada ya vita ya 1898 Marekani iliishika Kuba, na ofisi yake ya hali ya hewa ikaweka kituo chake Havana. Huko Belén kiti cha Viñes kilikuwa kimeshikwa na Padre Lorenzo Gangoite, naye Mjesuiti, aliyefuata mbinu za mtangulizi wake. Wakubwa wa ofisi ile Washington, chini ya mkurugenzi Willis Moore, waliwadharau watabiri wa Kuba. Waliwaona watu wa kutia wengine hofu. Mwishoni mwa Agosti 1900 walifanikiwa kuzuia Wakuba wasipeleke habari za hali ya hewa kwa waya.

Siku chache tu zikapita. Kimbunga kikapita Kuba mwanzoni mwa Septemba. Ofisi ya Marekani ilisema kingepinda kuelekea kaskazini, kipite Florida na kutokea Atlantiki. Gangoite, kwa kusoma anga kama alivyofundishwa, aliona kinaelekea magharibi, kwenye Ghuba, upande wa Texas. Tarehe 8 Septemba 1900 kilipiga mji wa Galveston, Texas, uliojengwa kwenye kisiwa cha mchanga kilicho chini sana. Bahari ikafunika mji. Makadirio ya waliokufa huanzia watu 6,000 na kupanda hadi 12,000. Mpaka leo hakuna janga la asili lililoua watu wengi zaidi katika historia ya Marekani.

Sisemi kwamba wote wangepona kama waya wa Havana ungeachwa wazi. Muda ulikuwa mfupi na mji ulikuwa mahali pabaya. Ninachosema ni kwamba ujuzi ulikuwepo, na wenye mamlaka waliufunga mdomo kwa sababu hawakumheshimu aliyeubeba.

Anatuachia nini

Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba kuona mbele ni sehemu ya fadhila ya busara. Mtu mwenye busara hutazama yaliyopo na yaliyopita ili apange yajayo kwa ajili ya mema. Hii ni tofauti na kupiga ramli. Mpiga ramli anadai kujua yaliyofichwa bila sababu. Viñes alitaja sababu zake, akaziandika, na yeyote aliweza kupanda ngazi na kutazama mawingu yaleyale. Bwana wetu alipowalaumu Mafarisayo na Masadukayo hakuwalaumu kwa kusoma anga. Aliwalaumu kwa kujua kusoma anga na kushindwa kusoma nyakati.

Kwetu tuna tabia ya kusema ni mapenzi ya Mungu kila paa linapoezuliwa. Nani anayabisha mapenzi ya Mungu? Lakini Mungu aliyeruhusu upepo ndiye aliyempa mwanadamu akili ya kuuona ukija, na jirani wa kumwambia. Aliyejua akanyamaza asimtwishe Mungu mzigo wake.

Mkoa wetu wa Lindi haujakingwa. Tarehe 15 Aprili 1952, miaka 80 kamili tangu kile cha Zanzibar, kimbunga kilipiga mji wa Lindi. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika pwani yetu upande wa Mafia. Safari hii Mamlaka ya Hali ya Hewa ilionya mapema na vyombo vya majini vikasimamishwa. Mvua zake zilikata barabara ya Lindi na Dar es Salaam pale Somanga, lakini watu walikuwa wameambiwa. Kati ya 1872 na 2024 upepo haujapungua nguvu. Tofauti ni kwamba kuna anayetazama, kuna waya wa kupeleka habari, na kuna watu waliojifunza kusikiliza.

Kiungo kinachokosekana mara nyingi ni kile cha mwisho: kutoka kwenye simu hadi uani. Hapo ndipo parokia na vigango vyetu vinapohusika. Baada ya Misa tunasoma matangazo ya ndoa, michango na jumuiya. Onyo la mvua kubwa linachukua nusu dakika. Na kwa kuwa majirani zetu wengi kule kusini ni Waislamu, katekista anaweza kumpitia imamu, naye akalitangaza msikitini. Radi haiulizi mtu anaabudu siku gani.

Ndugu yangu mseminari, hatutumwi wote kupanda minara kama Padre Viñes. Lakini kila mmoja wetu atakuwa siku moja mbele ya watu akijua jambo ambalo wao hawajalijua, naye ataona haya kulisema, kwa sababu ni mdogo, au mgeni, au anga bado ni jeupe. Viñes alikuwa mgeni na mkimbizi, na siku ya tarehe 11 Septemba 1875 alisema.

Likizo ijayo nikirudi Narung'ombe, nikisoma taarifa kama ile, nitaanza kwa kumwuliza mzee anaonaje upepo. Kisha nitamwambia nilichosoma. Kisha nitasaidia kuanua.